Ushuru wa Sahare

Mimi ndiye wa stakabadhi. Meza yangu
ina mguu mmoja mfupi, nimeutegea kombe la chaza.
Kila ndoo inayopita naitoza,
kila ndoo inanisonya.
"Bi Mwanamvua, na harufu nayo utaitoza?"
Naandika. Kalamu haisikii matusi.

Jana usiku Hizza kaleta daftari la sayansi.
Kachora ngazi: juu mtu mwenye kofia,
chini yake nguru, chini ya nguru dagaa,
kisha vijidudu vyenye miguu kama nyuzi,
na chini kabisa nukta za kijani, nukta, nukta,
mpaka kalamu ikakauka.
"Mama, kila ngazi inakula kumi, inabakiza moja."
Nikamwambia, rudia.
Akarudia.
Mimi mtoza ushuru nikashika shavu.

Leo nguru wa Mwinyipembe amelazwa kwenye mizani.
Kilo nane kamili. Wanunuzi wanaona nguru,
wanabonyeza jicho, wanafunua mashavu kutazama wekundu.
Mimi naona foleni iliyo nyuma ya mkia wake:
dagaa kilo themanini,
vijidudu kilo mia nane,
na mwani ule usioonekana, tani nane,
Fuso zima limejazwa mpaka turubai likavimba,
limepanda juu ya mizani yangu
na mshale haukutikisika.

Samaki mkubwa humla mdogo, tuliambiwa.
Hatukuambiwa wadogo wangapi.

Na zile tisa katika kila kumi?
Hazikuibwa. Nimezitafuta kama ninavyotafuta
senti zilizopungua jioni.
Zimeishia katika kuogelea, katika kukimbia,
katika kugeuka ghafla kivuli kinapopita,
katika kutaga. Zimekuwa joto,
na joto halina mnunuzi.

Kwa hesabu hiyo tasi angekuwa bwana wa soko.
Yeye anakula majani bahari kwa mdomo wake mwenyewe,
hana dalali.

Nyuma ya kibanda changu kuna mikoko.
Jani la mkandaa likianguka, kaa anatoka,
analikokota kinyumenyume hadi shimoni
kama mtu anayehamisha godoro.
Anachoacha kaa wanakichukua bakteria,
na bakteria wanawafaa kamba,
na kamba wanamfaa changu.
Kumbe kuna ngazi nyingine, inaanzia kwenye kuoza,
na hii Hizza hakuichora. Nitamwambia.
Nitamwambia pia kwamba juzi wamekata miti saba pale,
wanajenga uzio wa kuku.

Mwinyipembe kaja na wake mkono wa kushoto.
Vidole viwili havipo tangu miaka ya baruti,
siku ile bahari ilipoelea tumbo juu,
mkubwa na mdogo, mlaji na mliwaji,
na mayai ambayo hayajamkosea mtu,
ngazi nzima kwa mshindo mmoja.
Akikutana na kitabu changu huwa anaunyanyua mkono huo:
"Mimi kwangu nililipa zamani."
Ni kweli. Vile viwili vilizama,
vikapita kwa kaa, vikapita kwa wasioonekana.
Huenda vimesharudi mara nyingi
katika ndoo za watu wengine
nami nikavitoza.
Nikamkatia stakabadhi.
Akacheka, akalipa, akahesabu chenji kwa vitatu.

Kanipa kichwa cha nguru, nimekipika kwa nazi na ndimu.
Usiku namtazama Hizza akifyonza mfupa wa shavu.
Kimoja katika kumi ndicho kitakachokuwa Hizza,
kifundo cha mguu, labda, au ukucha.
Vilivyobaki vitapiga danadana uwanjani,
vitapanda mwembe wa jirani, vitabishana nami
kuhusu taa na saa ya kulala,
vitanitokea jasho mtoto huyu shingoni
nikimfunika shuka.

Nimeweka kiganja pale.
Moto.
Tani nane za kijani.